Wifi Yangu Foelke na Wanaume wa Ramani

Wifi yangu Foelke ni mwalimu wa udereva hapa Aurich, kaskazini mwa Ujerumani, na kama umepata leseni katika mji huu kwa miaka ya karibuni, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba ameshakusema vibaya. Hatoi matusi ya nguoni. Ana yale maneno yake ya polepole, anayoyatoa huku akiangalia mbele: "Yule ng'ombe amekuona, wewe hujamwona. Sasa nani apewe leseni?" Wanafunzi humwogopa mwezi wa kwanza, halafu humwalika kwenye harusi zao. Mimi nimeolewa na kaka yake, simwogopi hata kidogo, na hizo harusi nimekula nyingi kwa mgongo wake.

Siku hizi kila mtu mjini anasimulia alivyowamiminia chai wanaume wa ramani, na kila anayesimulia anatia chumvi. Wengine wanasema aliwamwagia. Hakumwagia mtu. Mimi nilikuwepo, nimeshika sahani ya keki mkononi, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Mambo ya ramani yalianza kwa hasira. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa akifuata ramani ya kwenye simu, ikamwambia akate kulia mahali ambapo upande wa kulia hakuna kitu ila mfereji. Foelke akakanyaga breki ya upande wake, gari likasimama magurudumu ya mbele yakichungulia maji. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye kompyuta kumtafuta mwenye ramani ili amgombeze, akakuta ramani yenyewe haina mwenyewe. Inachorwa na watu wa kujitolea. Yeyote anaweza kuingia akasahihisha, halipwi senti na hashukuriwi na mtu. Foelke akausahihisha ule mfereji. Kesho yake akasahihisha barabara ya nyuma ya kinu cha upepo, na tangu hapo tukampoteza. Unakaa naye mezani siku ya Jumapili, unamweleza habari za ndoa ya binamu inayovunjika, naye anakwambia kwa furaha ya kweli kwamba amegundua njia ya miguu kati ya makaburi na uwanja wa mpira ambayo haikuwahi kuchorwa.

Watu wa ramani wa upande wetu wana jukwaa lao mtandaoni, wanakobishana na kupiga kura. Humo Foelke aliingia kwa jina la Kanyagio, na hakuna aliyemuuliza ni nani. Karibu miaka miwili Kanyagio alikuwa mtu wa kusikilizwa. Akisema barabara fulani hujaa maji kila vuli, wanamwandikia asante sana mzee. Wakigombana kuhusu lango la malishoni, mmoja anasema jamani tumsubiri Kanyagio. Alikuwa akinisomea sifa hizo kwenye simu, kichwa kimemvimba.

"Hao wanadhani wewe ni mwanamume," nilimwambia.

"Wanadhani mimi ni mtu anayejua barabara," akanijibu.

Tuliwekeana dau la chupa ya mvinyo, na nilishinda mimi. Siku watu wa jukwaa walipokutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza, kwenye baa moja karibu na soko, mwenyekiti wao alisimama kumpokea Foelke. Huyu ni Eilert Dirksen, mstaafu wa posta, mtu mpole anayependa utaratibu kuliko anavyopenda kula. Alimvulia koti, akamwonyesha kiti, kisha akamuuliza kwa adabu zote kama mumewe, Kanyagio, bado anatafuta pa kuegesha gari.

Kuanzia siku hiyo wifi yangu, mwenye kufundisha nusu ya mji kuendesha, akaanza kuelezwa kipilefti ni nini. Akiandika kitu jukwaani, anatakiwa athibitishe. Akithibitisha, anaambiwa mbona mkali, leo ameamkaje. Na kulikuwa na Habbo. Habbo anauza matrekta huko Wiesmoor, ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mfereji, na mdomo wake hauna breki. Habbo ndiye aliyependekeza Kanyagio abadilishe jina ajiite Kioo cha Kujipodolea.

Foelke alimjibu, "Nikimaliza kukitumia nitakuazima, Habbo. Kwa uso huo unakihitaji kuliko mimi."

Jukwaa zima likacheka, Habbo akacheka kuliko wote, na kesho yake akaja na lingine. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya Foelke: anarusha, anarushiwa, anarudi kwenye ramani yake. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka kwa niaba yake. Nilimuuliza hakereki?

"Nikikereka nitatoka. Nikitoka wataichora wao peke yao," akasema. "Umeona wanavyochora?"

Basi akaja Insa. Insa Ubben alipata leseni kwa Foelke kwa mbinde, sasa ana mapacha wasiolala, na Foelke mwenyewe ndiye aliyemshawishi aingie jukwaani. Binti alianza na jambo dogo la maana. Alipendekeza ramani iwe na alama ya kuonyesha mahali penye meza ya kubadilishia mtoto nepi, maana ukiwa mjini na mapacha unatembea baa hadi baa, duka hadi duka, huku mmoja amechafuka na mwenzake yuko njiani kuchafuka. Kwao alama mpya lazima ijadiliwe kisha ipigiwe kura. Sawa. Wakati huo ramani ilikuwa tayari na alama ya bia ya pipa na alama ya bia ya chupa. Ilikuwa na alama ya lango linalofungukia ndani, na nyingine ya lango linalofungukia nje, na hiyo ya pili walikuwa wameijadili majira ya baridi yote.

Ya Insa hawakuijadili. Mmoja aliandika kwamba ramani ni kazi ya watu makini. Mwingine akauliza kama kesho watachora na mahali pa kusukia nywele. Insa akajibu vizuri tu, naomba turudi kwenye alama. Habbo akaandika, "Weka picha yako kwanza, tujue tunampigia kura nani." Wakamiminika nyuma yake, kila mmoja na utani wake kuhusu hiyo picha. Insa akaandika neno moja: basi. Wakamuuliza basi nini. Akasema basi, acheni. Wakamwambia ni utani tu, usiwe mwepesi wa kuudhika, ukiona hapakufai si lazima ukae. Na mwisho kabisa mtu akaandika: mbona Foelke halalamiki?

Foelke alimpigia simu Insa siku hiyohiyo. Alikuwa kwangu, kwa hiyo nilisikia.

"Usiwajali, mwanangu," alimwambia. "Ndivyo walivyo. Utawazoea."

"Wewe umewazoea, mwalimu," Insa akasema. Kilio cha watoto kilikuwa kinasikika nyuma yake. "Mimi nina wawili wanaonipigia kelele nyumbani bila malipo, tena nawapenda. Sina nafasi ya wengine. Nasubiri mkutano wenu, nione mtasema nini. Mkutano ukipita hivihivi, nafuta jina langu."

Foelke aliweka simu mezani. Uso ulikuwa umemshuka. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamwonea hasira, maana miaka yote hiyo nilikuwa nimemwambia.

"Wanatumia jina langu," akasema. "Wanalishika kama ngao."

"Sasa utafanyaje?"

"Insa akitoka, na mimi natoka."

"Na ramani?"

"Ndiyo, na ramani."

Nilijua hatanii. Ramani ndiyo ilikuwa nusu ya maisha yake.

Mkutano wao wa mwaka huzunguka kwenye nyumba za wanachama, na safari hii ilikuwa zamu ya Foelke. Alimwandikia Eilert mapema aweke ajenda ya namna watu wanavyosemeshwa jukwaani. Eilert akaiweka ya mwisho, baada ya uchaguzi wa mweka hazina, akaiita Hali ya Jukwaa. Mimi niliitwa nisaidie vyombo. Wakaja, wote wanaume, wamevua viatu mlangoni, wanasema moin, salamu ya huku kwetu, mmoja baada ya mwingine, wanasifia madirisha. Ukiwaona hivyo huwezi kuamini vidole vyao vinaandika nini. Hata Habbo alikuja na maua.

Sasa hapa ndipo pa kunisikiliza vizuri. Eilert ana saa yake ya mkononi, na anaamini hakuna aibu kubwa kama kikao kuchelewa. Siku hiyo mambo yalikwenda haraka, mweka hazina alikubali kuendelea bila kusukumwa, na ulipofika wakati wa chai wakajikuta wako mbele ya ratiba. Mimi na Foelke tukaenda jikoni. Eilert, kwa kuwa hawezi kuona dakika inapita bure, akaivuta ajenda ya mwisho mbele wakati maji yanachemka.

Tuliporudi, Foelke na buli, mimi na keki, wote walikuwa wamekaa wametulia kama watu waliomaliza kazi nzuri.

"Ile yako tumeimaliza, Foelke," Eilert akasema, na alikuwa anatabasamu, maskini. "Tumejadili kwa kina. Imepita kwa kauli moja kwamba wanawake wanajisikia wamekaribishwa kwetu."

"Nani kapiga kura?"

"Wanachama waliokuwepo."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa jikoni," Eilert akasema. "Utaratibu unasema waliokuwepo chumbani."

Naapa keki ilitaka kuniponyoka mkononi ielekee kwenye kile kipara cha Eilert. Nilimtazama Foelke, nikitegemea radi. Yeye akasema ahaa, akazunguka meza, akaanza kumimina.

Chai kwetu si jambo la mchezo. Unaweka bonge la sukari kikombeni, unamimina chai ya moto mpaka sukari ilie ikipasuka, unatia krimu pembeni, hukorogi. Kikombe cha mgeni hakikai kitupu. Vikombe vitatu ni haki yake, na baada ya hapo mwenye nyumba ataendelea kumimina mpaka mgeni atumbukize kijiko ndani ya kikombe. Kijiko ndicho kinachosema imetosha. Kikishaingia, buli linawekwa chini, na mgeni haulizwi ana nini, chai ina kasoro gani, au mbona mwenzake bado anakunywa. Sijawahi kuona mtu akivunja jambo hilo. Hata bibi yangu mzaa baba, aliyegombana na kijiji kizima, kijiko alikiheshimu.

Vikombe vitatu vikapita. Eilert akatia kijiko chake. Foelke akamimina juu ya kijiko.

Eilert alitazama kikombe, akamtazama Foelke, akadhani macho yake yamezeeka. Akanywa. Akarudisha kijiko ndani kwa nguvu kidogo, kililia. Foelke akamimina tena. Akahamia kwa jirani yake, naye kijiko kimo, akamimina. Akazunguka meza yote hivyo, anatabasamu, na maongezi yakafa njiani kama redio iliyochomolewa.

"Foelke," Eilert akasema kwa sauti ya chini, "kijiko kimo kikombeni."

"Nimekiona."

"Sasa... mbona unamimina?"

"Nawatania tu," Foelke akasema. "Usiwe mwepesi wa kuudhika, Eilert."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, Menno, kijana wa benki, alifunika kikombe kwa kiganja. Foelke akasimama juu yake na buli la moto akangoja, mpaka kiganja kikaondoka chenyewe.

"Mbona Habbo halalamiki?" akamuuliza Menno. "Tazama mwenzako anavyokunywa."

Habbo alikuwa anakunywa kweli. Yule mtu ni mkubwa wa mwili na alilelewa vizuri na mama yake. Chai ikimiminwa, haachi. Lakini alikuwa ameanza kukaa upandeupande kwenye kiti, jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu, na macho yake yalikuwa kwenye mlango wa choo.

"Samahani, natoka mara moja," akasema, akainuka nusu.

"Kikombe chako kimejaa, Habbo."

Akakaa. Hapo nilienda kusimama dirishani, nikawageuzia mgongo, kwa sababu kucheka kungeharibu kila kitu.

"Ukiona hapakufai," nilimsikia Foelke akimwambia nyuma yangu, "si lazima ukae."

Maneno yale waliyajua. Wengine waliyaandika wenyewe.

Eilert ndiye aliyepasuka, na alipasuka kwa namna yake. Alisimama, ameshika ukingo wa meza. "Huwezi kumimina juu ya kijiko," akasema. "Samahani, Foelke, uko nyumbani kwako, lakini huwezi. Mtu akisema imetosha, imetosha. Haulizwi!"

"Insa alisema basi," Foelke akamjibu. Sasa hakuwa anatabasamu. "Alisema mara mbili. Mlimwambia nini?"

Eilert aliuachia ukingo wa meza. Aliketi. Nilimwona anaangalia kikombe chake kilichofurika mpaka kwenye kisahani, na nadhani ndiyo mara ya kwanza jambo lile lilimwingia. Ungeweza kumweleza habari za heshima na haki mpaka kuche, angekuandikia ajenda. Kijiko alikielewa.

"Mimi sikukusudia vibaya," Habbo akasema, miguu ameibana. "Nilisema picha tu. Ni mzaha. Hata wewe tunakutania."

"Mimi nakujibu, Habbo, na ninalipia. Unajua nilianza kupunguza kuandika lini? Hujui, kwa sababu hukuona. Kuna barabara nazijua sijazigusa mwaka mzima, maana nikizigusa najua yatakayofuata, na siku nyingine nakuwa nimechoka." Alisema hivyo bila kupaza sauti, na mimi pale dirishani kicheko kilinikauka, kwa sababu hayo hajawahi kuniambia hata mimi. "Yule binti anatoka leo kama mkutano huu unabaki ulivyo. Akitoka yeye, natoka mimi. Mtabaki na malango yenu."

Menno akasema polepole kwamba lile lango la pili kwa kweli halikuhitaji alama.

Eilert alikohoa, akauliza kama kuna anayepinga ajenda ya mwisho ifunguliwe upya, sasa wanachama wote wakiwa chumbani. Hakuna aliyepinga. Wakafuta kauli yao moja. Wakaandika kanuni nyingine, fupi: mtu akisema basi jukwaani, wengine wanaacha, naye haulizwi sababu; na atakayeendeleza habari hiyo, msimamizi atamfungia nje siku nzima. Wakapiga kura. Mkono wa Habbo ulikuwa wa kwanza kuwa juu, ingawa haki ya Mungu sijui aliunga mkono kanuni au alitaka kikao kiishe. Alikimbia chooni kabla kura hazijahesabiwa.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine, mwekundu na mnyenyekevu. Akamwandikia Insa palepale, akitumia simu yake: kama kuna mtu aliyekwazika, anaomba radhi. Insa akajibu kwamba anayejua alichofanya haanzi na kama. Habbo akaandika upya. Foelke alisoma ule ujumbe wa pili juu ya bega lake, akampa kipande cha keki.

Insa hakubaki kwa kubembelezwa. Alisema atabaki kwa sharti moja, awe yeye msimamizi wa hiyo kanuni, maana haamini kwamba watu wale wataitumia kwa wenzao. Wakampa. Alama ya meza za nepi ikapita. Sasa Eilert ndiye anayeandika kurasa na kurasa, akiuliza kama meza inayokunjwa ukutani ihesabiwe sawa na isiyokunjwa, na kila akienda Emden anaingia vyoo vya maduka kukagua, mpaka mkewe amemwomba aache.

Ningeishia hapa, ila wiki chache zilizopita aliingia mwanachama mpya, mama mmoja mwalimu wa shule, jina lake Almuth. Habbo alimkaribisha kwa utani kuhusu wanawake na kusoma ramani. Mazoea yana taabu. Almuth akaandika basi. Na Habbo, nampa sifa yake, akanyamaza papo hapo. Kila kitu kilikuwa kimekwisha salama. Ndipo wifi yangu, kwa moyo wake mwema, akataka kulainisha mambo. Alimwandikia Almuth mbele ya watu wote: usimjali huyo, ndivyo alivyo, utamzoea.

Kesho yake mchana alinikuta bustanini. Uso ulikuwa mwekundu kuliko wa Habbo siku ile.

"Amenifungia nje," akasema.

"Nani kakufungia?"

"Insa. Siku nzima. Anasema nimeendeleza habari baada ya mtu kusema basi. Mimi! Niliyempigania!"

Nilicheka mpaka nikalazimika kuukumbatia uzio. Alisimama pale akiningoja nimalize, mikono kiunoni, na kila nilipotaka kunyamaza nilimwangalia nikaanza upya. Mwishowe nikafuta macho, nikamuuliza kama amekasirika kweli.

"Nimekasirika sana," Foelke akasema. Halafu akaketi kwenye ngazi, na nikaona midomo inaanza kumcheza. "Lakini yule binti hatoki tena."